Saa Yako ya Stenlesi Imekwaruzika? Fuata Mistari Yake

Swali ni lile lile, hubadilika sauti tu. Mmoja ananinyooshea mkono na kuuliza, "Hii naifutaje?" Mwingine ananitumia picha ya kifungo cha cheni kilichochakaa kwa kusuguana na meza ya ofisi. Wa tatu ameachiwa saa na marehemu baba yake, anataka kuivaa siku ya harusi, lakini kila akiitazama mikwaruzo inamuuma roho. Wote wanataka kujua jambo moja: je, mikwaruzo midogo ya saa ya stenlesi inaondoka nyumbani, bila mashine na bila kuiharibu saa?

Inaondoka. Vifaa vyake vinaenea kwenye sahani moja, na kazi yenyewe haimalizi saa moja. Kinachowashinda wengi ni haraka.

Nami somo hili nililipia. Miaka mingi iliyopita nilichukua Seiko 5 ya baba, nikamwaga dawa ya kung'arishia vyuma kwenye kitambaa, nikaisugua saa nzima mpaka nikajiona usoni mwake. Niliipeleka kwa furaha. Baba aliigeuzageuza kwenye mwanga, akauliza taratibu, "Ile mistari ya juu iko wapi?" Sikuwa nimejua kama kulikuwa na mistari. Tangu siku hiyo sigusi saa ya mtu kabla sijauliza mistari yake inaelekea wapi, na ushauri wote ulio hapa chini umejengwa juu ya swali hilo la baba.

Elewa unachokifanya

Hakuna dawa inayojaza mkwaruzo. Kila unachopaka na kusugua, hata kiwe laini vipi, kinakula chuma kidogo. Ule weusi unaouona kwenye kitambaa baada ya kusugua si uchafu peke yake. Ni chuma cha saa yako. Kikishatoka hakirudi.

Kwa hiyo kazi yetu ni ya namna mbili:

- Kwenye uso wenye mistari, mkwaruzo haufutwi. Unalinganishwa na wenzake, uelekee wanakoelekea wao, mpaka jicho lisiweze kuutofautisha.
- Kwenye uso unaong'aa kama kioo, chuma kilicho kandokando ya mkwaruzo kinashushwa kidogo sana mpaka mkwaruzo unapungua au kupotea.

Namna hizi mbili hazichanganywi. Ukitumia ya kioo kwenye mistari, utapata doa linalong'aa. Ukitumia ya mistari kwenye kioo, utakuwa umeongeza mikwaruzo mia kwa nia ya kuondoa mmoja.

Je, ni stenlesi kweli?

Kabla ya lolote, geuza saa usome mfuniko wa nyuma. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa sababu saa nyingi zinazometa kama stenlesi si stenlesi.

- Ikiandikwa "STAINLESS STEEL" au "ALL STAINLESS STEEL", kwa kawaida kasha zima ni la chuma hicho. Endelea.
- Ikiandikwa "STAINLESS STEEL BACK", maana yake mfuniko wa nyuma tu ndio stenlesi. Kasha lenyewe mara nyingi ni shaba nyeupe au madini mengine yaliyopakwa tabaka jembamba la kromiamu. Ukilisugua, tabaka linatoka na rangi ya njano au ya kijivu inachungulia. Usiguse.
- Ikiandikwa "BASE METAL BEZEL", pete inayozunguka kioo si stenlesi. Usiiguse.
- Saa ya rangi ya dhahabu au nyeusi kwa kawaida ina tabaka la juu. Usiguse, hata kama ndani yake ni stenlesi safi.
- Saa za kidijitali za bei nafuu zahitaji tahadhari ya pekee. Casio A158, ambayo wengi wetu tumeivaa, ina cheni ya stenlesi, lakini kasha lake ni plastiki ngumu iliyopakwa kromiamu. Cheni unaweza kuishughulikia, kasha liache.
- Saa nyepesi isivyo kawaida na yenye rangi ya kijivu iliyokolea huenda ni ya titani. Baadhi ya hizo, na baadhi ya stenlesi pia, zimewekewa tabaka gumu la kuzuia mikwaruzo. Ukiona kwenye maelezo ya saa kwamba ina tabaka la namna hiyo, ushauri huu haukuhusu.

Usijaribu kuipima kwa sumaku. Stenlesi nzuri ya saa karibu haivutwi kabisa, na shaba nayo haivutwi, kwa hiyo jibu hutalipata. Tena saa ya mashine ikishikwa na sumaku, majira yake huanza kukimbia.

Soma uso wa saa

Keti dirishani asubuhi au jioni, jua linapoingia kwa mshazari. Taa ya dari haifai, inaficha mambo. Shika saa usawa wa macho, izungushe polepole, utaona nyuso za aina tatu:

1. Uso wa mistari. Una nyuzi nyembamba zinazokwenda upande mmoja, kama ukindu uliochanwa vizuri kabla ya kusukwa. Mara nyingi uko juu ya pingili za cheni, juu ya kifungo, na kwenye zile pembe nne zinazoshika cheni.
2. Uso wa kioo. Unaona dirisha ndani yake. Mara nyingi uko ubavuni mwa kasha na kwenye kingo nyembamba.
3. Uso uliofifia. Hauna mistari wala mng'aro, kama uliopuliziwa mchanga. Huu haurekebishwi nyumbani. Ukiusugua kwa chochote, unapata doa. Uache.

Chukua karatasi, chora saa yako kwa mkato, uweke mshale kila sehemu kuonyesha mistari inakoelekea. Usicheke zoezi hili. Kwenye saa moja, mistari ya cheni inaweza kwenda kwa urefu, ya ubavuni ikalala, na ya juu ya kasha ikazunguka kioo kama miale ya jua. Ukishaanza kazi na macho yamechoka, hiyo karatasi ndiyo itakayokukumbusha.

Angalia pia pale uso wa mistari unapokutana na uso wa kioo. Kuna kona kali, iliyonyooka kama iliyokatwa kwa wembe. Kona hiyo ndiyo sura ya saa. Ikilainika, saa inakuwa kama sabuni iliyotumika, na hakuna atakayejua kwa nini imechujuka, ila kila mtu ataona imechujuka.

Pima mkwaruzo kwa ukucha

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, kwa kuukata, taratibu.

- Ukucha ukiteleza bila kuhisi kitu: ni wa juujuu. Wa nyumbani huu.
- Ukucha ukihisi kitu lakini haukwami: unaweza kuupunguza, usitarajie upotee wote.
- Ukucha ukikwama: ni mfereji, si mkwaruzo. Ukitaka kuumaliza utakula chuma kingi na kuacha bonde. Uache, au umpelekee fundi.

Vifaa vinavyotakiwa

- Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya vyombo, na mswaki laini.
- Tepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi wa magari kuzibia vioo.
- Kitambaa cha nyuzi cha Scotch-Brite cha kijivu. Kipo pia cha rangi ya damu ya mzee, ambacho ni kikali zaidi. Nunua vyote viwili kama utavipata. Maduka ya rangi za magari na vifaa vya ujenzi huviuza. Ukikosa, kile cha kijani cha kuoshea vyombo kinafaa kwa shida, ila tumia kilicho kipya na kwa mkono mwepesi.
- Msasa wa maji namba 1000 na 1500, kipande kimoja kimoja. Kumbuka namba ikiwa kubwa msasa ni laini.
- Dawa ya kung'arishia vyuma kama Brasso au Autosol, au kitambaa kilichotiwa dawa tayari. Hii ni kwa uso wa kioo tu.
- Vitambaa vya kufutia miwani, visivyopungua vitatu.
- Kifutio cha penseli chenye pande bapa, cha kuzungushia kitambaa cha nyuzi.
- Kifaa cha kutolea pini za cheni. Ukikosa, usitumie kisu cha jikoni. Kisu kikiteleza kinaacha mfereji kwenye pembe ya kasha.

Vifaa visivyotakiwa kabisa

- Stilwaya ya kusugulia sufuria. Inaacha chembe za chuma cha kawaida ndani ya mistari, na baada ya siku chache chembe hizo zinashika kutu. Utadhani saa imeoza, kumbe ni stilwaya.
- Jivu na mchanga. Mkono uliozoea kusugua sufuria kwa jivu una hamu ya kujaribu. Punje za mchanga ni ngumu kuliko stenlesi ya saa. Zitakuachia mistari ya kila upande.
- Jiki. Klorini iliyomo inatoboa vishimo vidogo kwenye stenlesi, na vishimo havisuguliki.
- Drili, grainda au mota yenye gurudumu la kitambaa. Mashine inakula kona kwa sekunde chache, na inapasha chuma joto mpaka raba za kuzuia maji zinaharibika.

Maandalizi

1. Funga kitufe cha ubavuni mpaka mwisho. Kama ni cha kukaza kwa kuzungusha, kikaze.
2. Tandaza taulo jeupe mezani, kisha toa cheni kwenye kasha. Pini zake zina springi ndani; zikiruka hazipatikani. Ziba kwa kidole unapozitoa, na ziweke kwenye kikombe mara moja. Kama huna kifaa au huna uzoefu, iache cheni mahali pake na uongeze tepu.
3. Osha cheni kwa sabuni na mswaki, hasa katikati ya pingili. Uchafu ulioganda humo ni jasho, vumbi na mafuta. Ukiuacha, utausugulia juu ya uso wa saa kama mchanga.
4. Kasha lifute kwa kitambaa chenye unyevu. Usilitumbukize majini kama limeandikwa "3 BAR" au "30M", au kama saa ni ya zamani. Maandishi hayo maana yake ni jasho na kunawa mikono, si kuogelea.
5. Kausha vyote kabisa.
6. Ziba kwa tepu kila usichotaka kugusa: kioo, pete ya kioo, kitufe, maandishi yaliyochongwa, na zaidi ya yote uso wa kioo uliopakana na uso wa mistari. Pitisha ukucha ukingoni mwa tepu ili ilale sawasawa kwenye kona.

Ukimaliza kuziba, saa inapaswa kuonekana kama gari lililo tayari kupigwa rangi. Kuziba kunachukua muda kuliko kusugua. Ndivyo inavyotakiwa.

Uso wa mistari, hatua kwa hatua

Anzia ndani ya kifungo cha cheni, upande unaogusa ngozi. Hakuna anayepaona. Mkono wako ukosee hapo kwanza.

1. Kata kipande cha kitambaa cha kijivu, kizungushie kifutio ili kiwe bapa. Usitumie ncha ya kidole. Kidole ni cha mviringo, kitachimba katikati na kulainisha kingo.
2. Kiweke mwanzo wa sehemu unayoisugua, na uelekeo wake uwe ule wa mistari.
3. Vuta mpaka mwisho kwa nguvu ile ile, bila kusimama njiani. Ukifika mwisho, inua. Rudi mwanzo ukiwa hewani. Vuta tena.
4. Usiende na kurudi. Usizungushe. Usikatishe katikati.
5. Vuta mara tano, kisha futa, kisha peleka dirishani.

Utakachokiona ni hiki. Mara tano za kwanza, mkwaruzo uko palepale, ila kingo zake hazimeti tena. Mara tano za pili, unaanza kukatika vipande vipande, kama mstari wa penseli uliopitiwa na kifutio. Mara tano za tatu, unautafuta. Ukifika hapo, acha. Ukiendelea ili umalize kile kijivuli kilichobaki, utachimba sehemu moja, na bonde linaonekana kuliko mkwaruzo.

Kama mkwaruzo haujapungua baada ya mara kumi na tano, una njia mbili:

- Badilisha kitambaa, tumia kile cha rangi ya damu ya mzee mara tatu nne, kisha malizia kwa cha kijivu.
- Au lowesha msasa namba 1000, uvute juu ya mkwaruzo kwa uelekeo ule ule wa mistari, mara tano sita. Hapo pataonekana laini na tofauti na jirani zake. Usiogope. Rudia kitambaa cha kijivu juu ya sehemu nzima, toka ukingo mpaka ukingo, na mistari itarudi.

Zingatia maneno hayo: sehemu nzima. Usisugue pale penye mkwaruzo peke yake. Kama ni pingili moja, pitisha pingili yote. Kama ni cheni, ilaze juu ya ubao, ifunge kwa tepu miisho yote miwili, uvute mkono mmoja mrefu kupita pingili zote. Jicho linagundua kiraka kwa haraka kuliko linavyogundua mkwaruzo.

Uso wa kioo, hatua kwa hatua

Sasa ondoa tepu, osha cheni, futa kasha, kausha, na uzibe upya, safari hii ukiziba uso wa mistari. Osha na mikono pia. Chembe moja iliyotoka kwenye kitambaa cha nyuzi inatosha kukuharibia.

1. Fungua madirisha, dawa hizi zina harufu kali.
2. Weka dawa kiasi cha punje ya mchele kwenye kitambaa cha miwani. Wengi wanamwaga kijiko. Dawa nyingi haifanyi kazi haraka zaidi, inajificha tu kwenye nyufa.
3. Sugua kwa miduara midogo, kwa mkono mwepesi, kama dakika moja. Kitambaa kitakuwa cheusi.
4. Malizia kwa mivuto michache iliyonyooka kwa urefu wa uso.
5. Futa kwa kitambaa cha pili, angalia dirishani, kisha amua kama unahitaji duru ya pili. Duru tatu ndizo mwisho wangu.

Mikwaruzo mikubwa kidogo kwenye uso wa kioo inahitaji msasa namba 1500 au laini zaidi kabla ya dawa. Kwa anayefanya mara ya kwanza, nasema usijaribu. Msasa kwenye uso wa kioo hauna huruma. Ukiutanguliza, lazima uwe na uvumilivu wa kufuta alama zake.

Ukimaliza, osha cheni kwa sabuni na mswaki mpaka weusi usitoke tena, futa kasha, kausha, rudisha pini. Vuta cheni kwa nguvu kila upande kabla hujavaa. Pini ambayo haijaingia sawasawa haitangoja ufike nyumbani.

Ukishakosea

- Umepata doa linalong'aa kwenye mistari. Umetumia kitu laini mno. Rudia kitambaa cha kijivu kwa sehemu nzima.
- Mistari mipya ni minene kuliko ya zamani. Umetumia kikali mno. Rudia kwa kilicho laini, mara kumi au zaidi, kwa mkono mwepesi.
- Mistari imepinda. Mkono wako uliyumba. Weka rula kando kama ukingo wa kuongozea, uvute ukiwa umeegemeza kifutio kwenye rula.
- Umevuka tepu ukakwaruza uso wa kioo. Simama. Maliza mistari kwanza, kisha shughulikia uso wa kioo kwa dawa. Usifanye vyote kwa pamoja kwa hasira.
- Kona imelainika. Hii haina marekebisho nyumbani. Acha kabla haijazidi.

Maswali yanayorudi kila mara

*Dawa ya meno haifai?* Ina chembe laini za kusugua, ndiyo maana uso wa kioo ukisuguliwa nayo unang'aa kidogo. Lakini inafanya kazi polepole, inaganda kwenye nyufa za pingili, na juu ya uso wa mistari inafifisha mistari. Kama ndiyo pekee uliyo nayo, itumie kwenye uso wa kioo, uisuuze vizuri.

*Kioo chenyewe kikikwaruzika je?* Inategemea. Kioo cha plastiki, kama cha saa nyingi za zamani, kinang'arika kwa dawa laini ya plastiki au hata dawa ya meno. Kioo cha kawaida kinabadilishwa; hakisuguliwi nyumbani kikapendeza. Safaya ni nadra kukwaruzika. Mara nyingi unachokiona juu yake ni alama ya chuma kingine kilichogusana nayo, au tabaka la juu lililochunika.

*Sitaishusha thamani saa yangu?* Swali zuri. Kama ni saa ya zamani ambayo wakusanyaji wanaitafuta, usiiguse kabisa. Kwao kasha ambalo halijawahi kusuguliwa, hata likiwa na mikwaruzo, lina thamani kuliko linalong'aa. Kama ni saa ya kuvaa kila siku, kazi ya juujuu iliyofanywa vizuri mara moja kwa miaka haina madhara.

*Nifanye mara ngapi?* Si kila mwezi. Mimi nasema mara moja kwa miaka miwili au mitatu, na kifungo cha cheni pekee kinaweza kuguswa zaidi. Kila mara unakula chuma. Chuma hicho kina kikomo.

*Kuna madoa ya kahawia kati ya pingili. Stenlesi si haishiki kutu?* Inakinza kutu, haijaapa. Jasho na chumvi vikikaa muda mrefu mahali pasipopata hewa, madoa hutokea. Mara nyingi sabuni, mswaki na maji ya uvuguvugu vinatosha. Yakirudi baada ya wiki, kagua pini ndani ya pingili. Huenda zimeanza kuliwa, na zibadilishwe kabla cheni haijakatika.

*Itakwaruzika tena?* Itakwaruzika. Stenlesi ya saa si ngumu kama watu wanavyodhani. Uliyoyafanya leo ni kuifuta uso, hujaivisha ngao.

Wakati wa kumpelekea fundi

Usione haya kuishia njiani. Mpelekee fundi kama:

- mkwaruzo unakwama ukucha,
- mistari inazunguka kioo kama miale ya jua,
- kona zimeshalainika na unataka zirudi,
- saa ni ya urithi na moyo wako hautavumilia ikiharibika.

Lakini hata fundi, muulize kabla hujamwachia:

1. Je, utaitoa mashine ya saa kabla ya kusugua kasha? Jibu liwe ndiyo.
2. Mistari utairudisha, au utang'arisha saa nzima? Akisema "itang'aa yote kama mpya", ichukue saa yako uondoke.
3. Utabadilisha raba za kuzuia maji na kuipima tena? Kasha likifunguliwa, hilo ni la lazima.
4. Unaweza kunionyesha saa uliyoifanya? Itazame dirishani kama ulivyotazama yako. Angalia kona.

Piga picha za saa kila upande kabla ya kuiacha. Fundi mzuri hachukizwi na hilo.

Kuilinda baada ya hapo

- Vua saa unapochanganya saruji, unapofungua injini, au unapobeba matofali. Iweke mfukoni mwa shati ikiwa peke yake. Funguo na sarafu nazo hukwaruza.
- Mezani, weka kipande cha kitambaa chini ya mkono unaoandika. Kifungo cha cheni kinachakaa hapo kuliko mahali pengine popote.
- Ukitoka baharini, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla haijakauka, kama saa ni ya kuhimili maji. Kwa sisi wa pwani, hata asiyeogelea ana chumvi mkononi. Jasho la mchana na upepo wa bahari vinatosha.
- Mchanga wa ufukweni ukiingia kwenye pingili, usifute kwa kitambaa. Utoe kwanza kwa maji yanayotiririka. Kufuta mchanga ni kukwaruza.
- Kila mwisho wa wiki, mswaki laini na sabuni kidogo kwenye cheni. Dakika tatu.

Kabla hujaanza

Najua utakavyoanza. Utasoma mpaka hapa, utatazama saa mkononi, na mkono mwingine utakuwa umeshatafuta kitambaa. Ngoja. Leo fanya mambo mawili tu: keti dirishani na uchore mishale ya mistari, kisha vuta mara tano ndani ya kifungo, pale pasipoonekana. Lala. Kesho jua likiingia kwa mshazari, itazame tena. Kama ulichokifanya kinakupendeza kwa macho yaliyopumzika, endelea na pingili moja. Kama hakikupendezi, umekosea mahali ambapo hata mwenye saa hapaoni.

Baba alivaa ile Seiko yake iliyopotea mistari mpaka alipochoka kuvaa saa, wala hakunilaumu. Sasa iko kwangu. Mistari ya juu nimeirudisha kwa kitambaa cha kijivu, pole pole, kwa siku mbili. Kona nilizozilainisha bado zimelainika, na nikiiweka dirishani naziona zote nne.